Miaka 23 na Philby: Elliott Alimjua Nani?

Saa kumi alasiri, tarehe 12 Januari 1963, bwana mmoja wa miaka 51 aligonga mlango wa nyumba ya ghorofani mjini Beirut. Kichwa chake kilikuwa kimefungwa bendeji. Siku ya mwaka mpya, ambayo ndiyo siku yake ya kuzaliwa, alikuwa amelewa, akaanguka na kujipasua kwenye bomba la kupashia chumba joto. Mkuu wa majasusi wa Kiingereza pale mjini alikuwa amempigia simu na kumwomba aje wazungumze habari za kazi. Mlango ukafunguliwa, na aliyesimama ndani hakuwa yule wa kwenye simu. Alikuwa Nicholas Elliott, rafiki yake tangu 1940, ambaye kwa hesabu za kila mtu alipaswa kuwa London.

Mgeni hakushtuka. Alisema tu kwamba alikuwa akihisi atakayekuja ni yeye. Wakaketi, chai ikamiminwa, wakaanza na salamu za kiungwana kama walivyozoea. Halafu Elliott akamwambia yaliyomleta: London sasa inajua. Akamwambia kwamba zamani alikuwa akimtazama kama mtu wa kuigwa, na kwamba leo hii anamdharau.

Mgeni huyo ni Kim Philby. Alijiunga na majasusi wa Moscow mwaka 1934, mwaka mmoja baada ya kumaliza Cambridge. Mpaka anaketi kunywa ile chai alikuwa amebeba siri hiyo kwa miaka 29, na miaka 23 kati ya hiyo alikuwa rafiki wa Elliott. Kisa chao kimesimuliwa mno kama kisa cha vita baridi. Mimi nakirudia kwa sababu nyingine. Ninayemfikiria ni yule aliyefungua mlango, maana swali lililomkaa kooni jioni ile ni swali ambalo wengi wetu tumelilalia usiku bila usingizi: huyu niliyekula naye, nikacheka naye, nikamlilia shida zangu, nilimjua kweli?

Kabla ya kumhukumu Elliott, tumweke mahali pake. Alizaliwa 1916, baba yake akawa mwalimu mkuu wa Eton, shule wanayosoma watoto wa wakubwa wa Uingereza. Kazi ya Elliott ilikuwa kuwasoma watu. Mwanzoni mwa 1944, akiwa Istanbul, ndiye aliyemhamisha ofisa wa ujasusi wa Kijerumani, Erich Vermehren, pamoja na mkewe, wakaja upande wa Waingereza. Kazi ya namna hiyo haifanywi na mtu asiyejua kuangalia uso na kupima neno. Alikuwa fundi wa binadamu, na fundi huyu ndiye aliyedanganywa na mtu wa karibu kuliko wote.

Walikutana vita vilipoanza, wote wawili wageni katika idara ya siri ya MI6. Philby alimzidi karibu miaka mitano, na alikuwa na sifa za kumvuta kijana: alikwishaandika habari za vita vya Hispania, alikuwa ndani ya gari lililopigwa kombora mwisho wa 1937 na wenzake wakafa yeye akapona, na jenerali Franco alimvisha nishani kwa mkono wake. Alikuwa na kigugumizi, na kigugumizi kile kiliwafanya watu wainame kumsikiliza. Elliott alimpenda kiasi cha kununua mwamvuli wa aina ileile aliokuwa akitembea nao Philby. Nauona mwamvuli huo vizuri. Kijana anaponunua kitu cha kufanana na mwenzake, si kitu anachokitaka, ni mwenzake.

Sasa nije kwenye kipimo. Kuna mapokezi yanayosimuliwa sana katika mawaidha kuhusu Sayyidina Umar bin al-Khattab. Mtu mmoja alisimama kumtolea mwenziwe ushahidi kwamba ni mtu mwema. Umar akamwuliza: Wewe ni jirani yake, unayejua kuingia kwake na kutoka kwake? Akasema, la. Umesafiri naye? La. Umefanya naye biashara ya dinari na dirhamu? La. Basi pengine ulimwona msikitini, akiinua kichwa na kukishusha? Akasema, naam. Umar akamwambia: Nenda, humjui.

Sijapata kusikia kipimo cha urafiki kilicho kikali na cha haki kuliko hiki. Jirani, safari, fedha. Wazee wetu wanapomwambia kijana asifunge ndoa na mtu hajamwona akikasirika, au asimkabidhi mtu duka kabla hajamkopesha, wanapita njia hiyohiyo. Basi tumpitishe Elliott.

Ujirani. Mwaka 1956 Philby alikwenda Beirut kuwa mwandishi wa magazeti mawili ya London, The Observer na The Economist, na Elliott alikuwa na mkono katika kumpatia nafasi hiyo. Mwaka 1960 Elliott mwenyewe akahamishiwa Beirut kuongoza kituo cha MI6. Kwa miaka miwili familia hizi mbili ziliishi kama watu wa ukoo mmoja. Baba yake Philby, mzee St John, yule aliyekuwa mshauri wa Mfalme Ibn Saud na kusilimu 1930, alipopita Beirut Septemba 1960 alikula chakula cha mchana nyumbani kwa Elliott, na haukupita muda mrefu akashikwa na moyo na kufariki. Kim akamzika Kiislamu pale Beirut. Halafu kulikuwa na mbweha. Philby na mkewe Eleanor walifuga mbweha jike ndani ya nyumba yao ya ghorofani, wakamwita Jackie. Mwaka 1962 mbweha yule alianguka kutoka kibarazani juu akafa, na Philby alilia na kunywa kiasi kwamba marafiki waliingiwa na hofu. Jirani ndiye anayeona mambo kama haya, na Elliott aliishi palepale mjini yalipokuwa yakitokea.

Safari. Walipita vita pamoja katika idara moja, wakati mabomu yanaanguka London na hakuna aliyejua nani ataamka kesho. Baada ya vita walitembeleana kutoka nchi hadi nchi, Elliott akiwa Bern, Philby akiwa Istanbul. Hiyo ni safari ndefu kuliko ya msafara wowote wa ngamia.

Fedha, na hapa nina maana ya kila kinachoumiza mtu mfukoni na kwenye heshima. Mwaka 1951 Guy Burgess na Donald Maclean, wanadiplomasia wa Kiingereza waliokuwa wakiipelelezea Moscow, walikimbilia huko, na Philby akashukiwa kwamba ndiye aliyewatonya. Akaondolewa kazini. Alikuwa na watoto watano na mke mgonjwa. Wengi walimkwepa kama mwenye ndui. Elliott alisimama naye. Alimtetea maofisini kwa miaka, akiweka jina lake na kazi yake rehani. Hata kabla ya hapo, matibabu ya Aileen, mke wa Philby wakati ule, yalipohitajika Uswisi, Elliott alisaidia.

Kwa hiyo Elliott anaweza kumjibu Umar naam, naam na naam. Jirani yake nilikuwa, nimesafiri naye, na katika dhiki nimemwona akibeba. Na bado hakumjua. Mara ya kwanza nilipofika hapa katika kukifikiria kisa hiki nilisikitika kweli, nikaona kwamba ikiwa kipimo hiki kimeshindwa, basi hatuna kipimo.

Lakini nilivyozidi kukaa nacho nimeona hakikushindwa. Kipimo cha Umar hupima tabia, na katika tabia Elliott hakudanganyika sana. Philby alikuwa mcheshi kweli. Alikuwa mkarimu kweli. Alimpenda mbweha wake, na alimpenda baba yake kwa namna ya uchungu ambayo watoto wengi wa baba wakubwa wanaijua. Kile ambacho Elliott hakukijua hakimo katika tabia. Ni ahadi. Mtu anaweza kukupa tabia yake yote, mchana na usiku, na ahadi yake ya kwanza akawa ameiweka mahali pengine kabla hajakutana na wewe. Philby aliiweka yake Juni 1934, kwenye bustani ya Regent's Park mjini London, mbele ya mtu wa Moscow aliyeitwa Arnold Deutsch. Elliott wakati huo alikuwa kijana wa miaka 17. Kila alichopewa baadaye kilikuwa kinatoka katika nyumba ambayo hati yake ilikwishauzwa.

Na ahadi ile ilikuwa na bei, ikilipwa na watu wengine. Agosti 1945 makamu wa konseli wa Kisovyeti mjini Istanbul, Konstantin Volkov, aliwaendea Waingereza kwa siri. Alitaka hifadhi yake na ya mkewe, na badala yake angetaja majasusi wa Moscow waliomo katika ofisi za London, mmoja wao akiwa mkuu wa kitengo cha kupambana na ujasusi. Jalada lilipofika London lilitua kwenye meza ya Philby. Fikiria mtu anafungua faili na kuikuta hukumu yake mwenyewe. Aliwaarifu Moscow, akaomba aende Istanbul yeye mwenyewe kulishughulikia jambo hilo, na akaenda polepole. Alipofika, Volkov hakuwapo tena. Ilikwishaonekana ndege ya Kisovyeti ikipakia watu wawili juu ya machela, wamefungwa bendeji mwili mzima. Volkov na mkewe hawakuonekana tena.

Miaka michache baadaye, akiwa Washington, Philby alikuwa miongoni mwa waliosimamia mpango wa kuwapenyeza wapinzani wa serikali ndani ya Albania. Wengi walipokelewa na askari waliokuwa wakiwasubiri. Nayataja haya kwa sababu kuna njia ya kusimulia kisa cha marafiki hawa wawili ikawa tamu, waungwana wawili na chai yao, na wale waliokufa wakabaki nje ya dirisha.

Sasa, nani alimjua? Hapa ndipo kisa kinaponisumbua zaidi. Aliyeleta ushahidi uliommaliza Philby hakuwa rafiki wa karibu. Ni bibi aliyeitwa Flora Solomon, aliyefahamiana naye tangu miaka ya 1930. Wakati huo Philby aliwahi kumgusia kwamba anafanya kazi ya hatari kwa ajili ya amani, na kwamba naye ajiunge. Bibi huyo alinyamaza zaidi ya miaka 20. Mwaka 1962, akiwa ameudhika na makala za Philby kuhusu Israel, akamwambia Victor Rothschild, mtu aliyekuwa na njia ya kufika kwa wakubwa wa usalama, na habari ikafika.

Aileen naye alijua, au alihisi, ambalo kwa mke mara nyingi ni jambo moja. Inasimuliwa kwamba katika miaka ile ya shida aliwahi kumtamkia mumewe usoni kwamba yeye ndiye mtu wa tatu, yule aliyewatonya Burgess na Maclean. Lakini Aileen alikuwa mgonjwa wa akili, kwa hiyo maneno yake yalihesabiwa kuwa ya ugonjwa. Alifariki Desemba 1957. Ninapofikiria kwamba alisema kweli, na kwamba watu waliompenda mumewe walimtazama yeye kwa huruma, naona uzito mwingine kabisa wa kisa hiki.

Na waliomhoji mwaka 1951, kina wakili Helenus Milmo, ambao hawakuwa na mapenzi naye, walitoka chumbani wakiamini kwamba ana hatia, ingawa hawakuwa na ushahidi wa kumfikisha mahakamani. Mgeni aliona kwa siku moja kile ambacho rafiki hakukiona kwa miaka. Waswahili tunasema ukipenda, chongo huita kengeza, na kawaida tunalisema kwa kucheka. Elliott alikuwa na sababu nzuri za kuita kengeza. Philby alisoma alikosoma yeye, alizungumza kama yeye, alikunywa vinywaji vyake na kucheka vichekesho vyake. Katika tabaka lile kufanana kulihesabiwa kuwa ndiko kujuana. Kwetu pia, ukiangalia vizuri, hali haiko mbali: mtu akiwa wa kwetu, wa msikiti wetu au kanisa letu, wa kabila letu, tunaona tumekwishamaliza nusu ya kazi ya kumjua.

Katika yote niliyosoma kuhusu wawili hawa, sioni siku hata moja kabla ya Januari 1963 ambapo Elliott alimketisha Philby wakiwa wawili tu, akamwuliza: Kim, je, ni kweli? Alimtetea. Aliwakasirikia waliomshuku. Kumwuliza hakuthubutu, au hakuona haja. Kati ya waungwana wale swali kama hilo lingekuwa tusi.

Niseme hapa kuhusu jirani yangu mmoja, marehemu sasa. Tulikaa baraza moja kwa miaka kumi na minne, kahawa na kashata kila jioni baada ya magharibi, na kama kuna mtu ningeapa kwamba namjua, ni yeye. Mara kwa mara alikuwa akinipa karatasi: ya dawa kutoka hospitali, ya ankara ya maji, barua ya mwanawe kutoka ughaibuni. "Hebu nisomee hapa, miwani nimeiacha ndani." Namsomea. Alikuwa na namna ya kukunja karatasi mara nne, taratibu, na kuitia mfuko wa kanzu, kama mtu anayeihifadhi aje aisome tena baadaye. Siku ya tatu ya msiba nilimwambia binti yake, kwa kutaka kumliwaza, kwamba tutamkumbuka hata kwa kusahau miwani yake. Binti akanitazama kwa muda. Akasema, "Amu, baba hakuwa na miwani. Baba hakujua kusoma."

Miaka kumi na minne. Niliumia, na sikuumia kwa sababu alinidanganya. Niliumia kwa sababu ningeweza kumfundisha, palepale barazani, na angekufa anasoma barua za mwanawe mwenyewe. Nami sikuwahi kumwuliza hata mara moja, "Mzee mwenzangu, miwani hiyo iko wapi?" Adabu ilinizuia. Na sasa nikijikagua kwa haki, naona kwamba sehemu fulani ya moyo wangu ilikwishajua kuna kitu, ikaamua kusitiri bila hata kuniuliza mimi mwenyewe.

Kusitiri ni jambo jema kwetu. Tumefundishwa kwamba anayemsitiri mwenziwe naye atasitiriwa, na sitaki kuitupa tabia hiyo. Jirani yangu alistahili sitara yangu. Haikumwumiza mtu yeyote ila sisi wawili. Sitara ya Elliott iliwafunika watu waliokuwa wakiuawa. Lakini ukisimama nje ukaziangalia, zinafanana kabisa: watu wawili, miaka mingi, na swali moja ambalo halijaulizwa. Hapo ndipo ninapokwama kila mara.

Mtu anaweza kunipinga kwamba hata Elliott angeuliza, Philby angesema uongo, basi faida iko wapi? Ni kweli angesema uongo. Novemba 1955, baada ya kutajwa bungeni na serikali kukosa la kumshtakia, alikusanya waandishi wa habari katika nyumba ya mama yake London, akatabasamu mbele ya kamera na kukana kila kitu, na hata kigugumizi chake kilitulia. Lakini huo ulikuwa uongo kwa wageni. Uongo wa kumtazama rafiki machoni ni kazi nyingine, na ajabu ya urafiki ule ni kwamba ulimwondolea Philby kazi hiyo. Kwa miaka 23 hakulazimika kumdanganya Elliott kwa maneno mengi. Elliott alijijibia mwenyewe kila swali kabla halijafika mdomoni, kama mimi nilivyokuwa nikinyoosha mkono kupokea karatasi kabla mzee hajamaliza kusema "miwani".

Basi urafiki ulikuwa wa uongo? Wapo wanaosema hivyo, na ni jibu linalopumzisha. Kama Philby alikuwa akiigiza tangu mwanzo, basi Elliott hakuwa na rafiki, alikuwa na mwigizaji, na sisi wengine tunaweza kulala tukijiambia kwamba waigizaji wa aina hiyo ni wachache. Mimi siamini. Hakuna anayeweza kuigiza miaka 23, kwenye ulevi na ugonjwa na mazishi, bila kitu cha kweli kuwamo. Philby mwenyewe, alipohojiwa uzeeni Moscow mwaka 1988, alisema kwamba siku zote aliishi katika ngazi mbili, ya mtu binafsi na ya siasa, na zilipogongana alilazimika kuitanguliza siasa. Nalichukua neno hilo kama lilivyo. Alimpenda Elliott. Na alikuwa tayari kumtoa. Vyote viwili viliishi ndani ya kifua kimoja, na hakuna kipimo cha mapenzi kinachoweza kukionyesha cha pili, kwa sababu cha kwanza ni cha kweli.

Turudi Beirut. Mazungumzo yalirekodiwa kwa siri, lakini madirisha yalikuwa wazi, na kinasa sauti kilimeza honi na makelele ya magari ya barabarani pamoja na sauti zao. Waliokuja kuisikiliza kanda ile London walipata shida kusikia maneno. Elliott alimpa Philby ahadi ya kinga: akiri kila kitu, asaidie, na hatashtakiwa. Siku ya pili Philby alirudi na maungamo yaliyopigwa chapa, kurasa chache, nusu kweli nusu uongo. Alidai kwamba aliacha kuwatumikia Moscow baada tu ya vita. Hata pale, mlango ukiwa umekwishafunguka, alimpa rafiki yake kipande tu.

Halafu Elliott, ambaye wakati huo alikwishapewa usimamizi wa shughuli za MI6 barani Afrika, akaondoka Beirut. Hakuacha ulinzi wa maana. Usiku wa tarehe 23 Januari, Philby na Eleanor walikuwa wamealikwa chakula nyumbani kwa ofisa wa ubalozi. Mvua ilikuwa inanyesha. Alimwambia mkewe atangulie, yeye ana miadi kidogo. Eleanor alikwenda, akakaa, akasubiri. Philby alikuwa kwenye meli ya mizigo ya Kisovyeti, Dolmatova. Mwezi Julai Moscow ilitangaza kwamba imempa hifadhi.

Je, Elliott alimwachia njia makusudi? Wachambuzi wamegombana juu ya hili tangu siku ile. Kesi ya wazi ingeifedhehesha London. Miaka miwili nyuma George Blake, jasusi mwingine wa Moscow ndani ya MI6, alifungwa miaka 42 na serikali ikaaibika. Mtu aliyekimbia huwa na kelele kidogo kuliko mtu aliye kizimbani. Inawezekana ilikuwa hesabu ya ofisi tu. Mimi naona hesabu na moyo vinaweza kufika mlango mmoja kwa njia mbili, na Elliott hakulazimika kuchagua kimoja. Philby mwenyewe alilihisi jambo hilo.

Aliyepata jibu ambalo Elliott hakulipata ni Eleanor. Alimfuata mumewe Moscow Septemba 1963. Siku moja alimwuliza kipi kina uzito zaidi katika maisha yake, yeye na watoto, au chama cha Kikomunisti. Philby akamjibu bila kusita: chama, bila shaka. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kinachonigusa ni wepesi wa jibu. Hakukuwa na kigugumizi. Ni kweli kwamba wakati huo hakuwa na la kuficha tena. Lakini pia ni kweli kwamba katika maisha yake yote wachache sana walikuwa wamemwuliza hivyo hasa, kwa maneno manyofu ya nyumbani, wakiwa tayari kuumia na jibu. Eleanor aliondoka Moscow mwaka 1965.

Kabla ya hapo Elliott alikuwa ameshapata barua. Philby alimwandikia kutoka Urusi, kwa maneno ya upole, akikumbuka urafiki wao, akimwambia kwamba namna walivyoachana Beirut ilikuwa ya ajabu hata anafikiri pengine Elliott alitaka atoweke. Alipendekeza wakutane siku moja, Berlin au Helsinki, wazungumze kama zamani.

Elliott aliisoma. Miaka 23 ilikuwa mbele yake juu ya karatasi ile. Angeweza kuuliza sasa, kila kitu, kwa mara ya kwanza. Jibu alilorudisha lilikuwa fupi mno: amwekee maua kwa niaba yake kwenye kaburi la Volkov masikini.